Namba ya Saa Saba na Dakika Kumi

Nina wivu. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na fundi viatu, maana yule hana siri, na kibanda chake na changu vimetenganishwa na mbao moja tu. Mimi ni fundi saa. Ukutani kwangu zipo saa kumi na moja na zote zinasema kitu kimoja, ndiyo maana watu waliniita Sekunde, na siku hizi hata barua zangu zinakuja kwa jina hilo. Mteja akiniahidi kuja saa nne akaja saa nne na robo, simsemi, namwonyesha ukuta.

Mke wangu anashona mapazia. Ingekuwa kushona peke yake nisingekuwa na neno, lakini pazia halishonwi bila dirisha kupimwa, na dirisha liko nyumbani kwa mtu. Basi kila wiki mke wangu anaingia nyumba za watu na futi yake shingoni, anapanda ngazi, wenye nyumba wanamshikia ngazi, wanamkaribisha chai. Akirudi ananisimulia nani ana madirisha manne na nani ana mawili na mlango wa kioo. Siku aliyotoka kwa daktari wa meno alisema, "Madirisha saba, Fundi! Na mtu mwenyewe mstaarabu, hajui hata kupandisha sauti." Kisha akaenda jikoni huku anaimba wimbo bila maneno. Mtu mmoja, madirisha saba, anataka kuchungulia wapi kote huko?

Hapo roho ikaanza kuniuma, na ikishaanza haikosi cha kutafuna. Nikaanza kuangalia vocha. Zamani mke wangu alikuwa akinunua vocha moja inamaliza wiki. Sasa nikaona ananunua zile ndogo kila siku, anazikwangua kwa sindano, anazitupa kwenye kopo la vifungo. Siku moja nilizihesabu, zilikuwa tisa. Nilizigeuza chini ya taa ya mezani, lenzi jichoni, kama ninayetafuta kutu. Vocha ikishakwanguliwa haikwambii kitu. Haisemi ilimpigia nani, siku gani, kwa muda gani. Ina namba zake na unga wa kijivu, basi.

Na simu yenyewe aliifunga kwa ule mchoro wa kidole. Mimi nafungua saa ya mkono ya kike, yenye skurubu usizoweza kuziona kwa macho matupu, lakini mchoro ule ulinishinda. Nilijaribu mara tano, simu ikaniambia nisubiri sekunde thelathini. Nikasubiri. Nilikuwa naanza mara ya sita alipotoka bafuni.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia saa ngapi."

Akatazama mkono wangu wa kushoto, ambao siku hiyo ulikuwa na saa mbili, yangu na ya mteja niliyokuwa naijaribu. Alichukua simu yake akaenda kuvaa.

Kilichonimaliza ni Jumapili moja. Jumapili nikishakula huwa nalala, na nikilala hata ungoe mlango siamki. Siku hiyo joto lilininyima usingizi. Nikasikia sauti yake uani, chini chini, ile sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtu. Nikanyata mpaka mlango wa nyuma.

"Umeshakula?" alikuwa anasema. "Kweli? Usinidanganye, nakujua wewe." Kimya. Akacheka, na kile kicheko ni kile cha zamani, cha kabla hatujaoana, ambacho nilidhani kimekwisha. "Haya, nakusubiri hapa hapa... Hapo sawa. Basi kesho, saa ile ile."

Nikatazama mkononi, ilikuwa saa saba na dakika ishirini na moja. Nikarudi kitandani nikajifunika shuka gubigubi. Jioni mezani alinipa habari zake za kawaida. Kitambaa cha hariri kimepanda bei, jirani amepaka rangi mlango, mama huko kwake anakusalimia, presha imeshuka kidogo. Nikasema naye msalimie. Hata sikusikia nilichojibu, maana nilikuwa nautazama uso wake nione kama una la kuficha.

Ningeweza kumuuliza. Fundi viatu aliniambia hivyo hivyo, "Muulize." Lakini mimi niliona kuuliza ni kujishusha. Nilitaka niwe na kitu mkononi kwanza, kitu chenye tarehe na saa, nimwekee mezani, anyamaze.

"Basi tatizo lako ni vocha," alisema fundi viatu huku anakata uzi kwa meno. "Kaka yangu ana laini ya mkataba. Kila mwisho wa mwezi analetewa karatasi, kila simu aliyopiga iko mle. Siku, saa, dakika. Na laini ikiwa kwa jina lako, karatasi inakuja kwako."

"Hata kama anayetumia ni mwingine?"

"Kwa jina lako, Sekunde. Kwako."

Usingizi ulinipaa siku hiyo, lakini kwa furaha.

Kesho yake nilifunga kibanda asubuhi nikaenda mtaa wa maduka ya simu. Kwetu kuna kampuni mbili, Upeo na Mlio, na maduka yao yanatazamana kama mabibi waliogombana. Watu wenye akili zao huenda pale wakauliza bei, wakauliza mtandao unashika wapi, wakauliza kifurushi kinakaa siku ngapi. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiacha la mwisho ili nisionekane.

Binti wa kaunta ya Upeo alikuwa na subira ya ajabu. Alinichorea mstari katikati ya karatasi. "Upande huu ni malipo ya kabla. Unaweka vocha, ikiisha imeisha, hudai wala hudaiwi. Ukituchoka unatoa laini unatupa. Upande huu ni malipo ya baada. Unatia sahihi miezi ishirini na nne, dakika hazina kikomo, ankara inakufuata. Ukitaka kutoka kabla ya muda, kuna faini. Kwani mzee, wewe unapiga sana simu?"

"Sipigi."

"Basi ya kabla inakutosha."

"Hiyo ankara inaonyesha nini?"

"Jumla ya dakika za mwezi."

"Namba moja moja?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Hapana, mzee. Hayo ni mambo ya mwenye simu."

Nikamshukuru, nikavuka barabara.

Kwa Mlio nilimkuta kijana mwenye tai na haraka. "Kila kitu kimo, mzee wangu. Namba iliyopigwa, tarehe, saa, dakika na sekunde."

"Na sekunde?"

"Na sekunde."

Nikaomba kalamu. Akaniuliza kama mtandao wao unashika nyumbani kwangu, nikasema unashika. Mtaani kwetu kila mtu anajua Mlio unashika ukipanda kiti cha jikoni au ukitoka nje. Masharti yalikuwa kama ya Upeo, miezi ishirini na nne na dakika bila kikomo, nikatia sahihi kurasa nne bila kuzisoma. Mwenye laini, mimi. Mtumiaji, mke wangu, ahamie na namba yake ile ile. Anwani ya ankara, kibandani kwangu.

Nilimpa ile kadi ya laini jioni kama zawadi, na sikutegemea alivyoipokea. Aliikalisha kwenye kiganja akaiangalia muda mrefu. "Miaka kumi na mmoja, Fundi, hujawahi kuninunulia kitu ambacho sikukuomba." Akanishika shavu kwa vidole vyake vyenye alama za sindano. "Sasa nitaongea bila kuhesabu."

Neno la kwanza lilinitia aibu. La pili likanichoma, na aibu nikaisahau. Ongea, nikasema moyoni, ongea mpaka uchoke.

Mwezi ule ulikuwa mrefu kwangu kuliko mwaka. Simu ikilia ndani mke wangu anatoka mbio uani, maana ndani haisikiki. Ni mimi niliyemchagulia mtandao wa kumtoa nje, nilijua hivyo, lakini kila alipotoka niliona anatoka kwa sababu ana jambo. Alikuwa mchangamfu. Alinenepa kidogo usoni. Kila kilichompendeza kiliniuma mimi.

Bahasha ilifika Jumatano, saa nne na dakika tano. Nilimwambia mteja saa yake haijawa tayari, na ilikuwa tayari tangu juzi, nikashusha pazia la kibanda nusu. Kurasa tatu. Nikavaa lenzi. Wateja wa mapazia nilijua, mara moja moja. Duka la vitambaa. Dada yake, Ijumaa. Na katikati ya hao wote namba moja, inaanza na tarakimu za Upeo, inaishia na mbili, mbili, saba. Saa 13:10. Kesho yake 13:10. Siku moja 13:11, alichelewa. Dakika kumi na moja, kumi na tatu, kumi na nne. Nilichukua kalamu nyekundu nikaizungushia kila ilipotokea, na nilipomaliza ukurasa wa tatu nilikuwa nimezungusha mara ishirini na sita.

Kisha nikaitafuta namba yangu mwenyewe. Alinipigia mara nane. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya sekunde arobaini na moja, siku aliyoniagiza sabuni. Nikajumlisha zote nane, zikawa dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Mume wa ndoa, mwezi mzima!

Fundi viatu alikuwa ameshainua kichwa juu ya mbao. "Dakika kumi na nne kila siku," alisema taratibu. "Mimi na mke wangu hatujawahi kuwa na maneno ya dakika kumi na nne."

"Nyamaza."

"Nakuhurumia tu, ndugu yangu."

Siku ya pili nilikwenda kwa daktari wa meno. Nilisema jino linaniuma. Nilikaa kwenye kiti kile kirefu nikayaangalia mapazia ya mke wangu, rangi ya maziwa, yamekunjwa kwa mkono wake, yanacheza na upepo kwenye madirisha yote saba, na yule bwana akaja na mikono safi na sauti ya chini kama nilivyoambiwa. Nilifungua mdomo huku namtazama machoni. Akagonga jino moja kwa chuma, nikaruka. "Hili limeoza kweli," akasema kwa upole, "ungechelewa kidogo tu." Nikatoka pale jino limezibwa, shavu limevimba na kadi yake mfukoni. Namba ya kwenye kadi haikuishia na mbili, mbili, saba. Haikunituliza hata kidogo. Nilisema ana laini mbili, watu kama hao huwa na laini mbili.

Ikabaki kupiga. Kwa simu yangu sikutaka, nisijulikane. Fundi viatu akanipa yake kwa sharti niijaze vocha mimi.

Nilitaka nimkute palepale, kwa hiyo Ijumaa ilipofika saa saba na dakika kumi kamili nikabonyeza. Sauti ya mwanamke wa mtandao ikaniambia namba ninayopiga inatumika kwa sasa. Inatumika! Nilijua inatumika na nani. Nikasimama katikati ya kibanda na simu ya mtu mkononi, saa kumi na moja zinanitazama, na jino linapwita. Nimetengeneza saa za kila aina, sijaona mishale iliyokwenda polepole vile. Fundi viatu aliacha kazi akakunja mikono. Nilikuwa nimeshapanga maneno. "Bwana, mimi ni mume wa mtu unayeongea naye kila siku." Nilianza kwa "Bwana" kwa sababu nilitaka nionekane mtu mzima.

Dakika ya kumi na nne ikapita. Nikapiga tena. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa.

"Umesahau nini tena, mwanangu? Dawa nimeshameza, si umenisikia mwenyewe?"

Ilikuwa sauti ya mama yangu.

"Haloo?" akasema. "Nani? Kama ni watu wa mtandao, mimi sitaki kifurushi. Mambo ya simu yangu yako kwa mkwe wangu, mwulizeni yeye. Mwanangu msimsumbue, ana kazi nyingi sana, hana nafasi."

Nikajitahidi. "Mama."

Nilikuwa natazama ukuta, nikaona mshale mwembamba unapita sekunde saba.

"Kuna nini?" sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mkwe wangu amepatwa na nini? Nimetoka kuongea naye sasa hivi! Niambie tu mwanangu, niambie, nimekaa."

Kwa mama yangu mzazi, mimi kupiga simu kulimaanisha mke wangu amekufa.

"Hapana, mama. Mzima. Wote wazima. Nilitaka kukusalimia."

"Kunisalimia?"

"Ndiyo."

"Kwa simu ya nani hii? Yako imeharibika?"

"Imeharibika," nikasema.

Akashusha pumzi, nikamsikia anajiweka sawa kwenye kiti. "Umenishtua, baba. Lakini umefanya vizuri. Si kwamba nalalamika, salamu zako zinafika, mkwe wangu ananiletea kila siku. Jana kaniambia umesema nisikae barazani bila kujifunika, huu upepo si mzuri. Nimejifunika. Na lile la kupunguza chumvi ulilosema wiki iliyopita, nalo nimelishika."

Mimi sikuwahi kusema habari ya upepo. Sikuwahi kusema habari ya chumvi. Nilikuwa nasema "msalimie" huku nimeinamia saa, na huyu mwanamke alikuwa akilichukua hilo neno moja analishonea mikono na kola, anampelekea mama yangu kila siku saa saba na dakika kumi, mama aking'ang'ania kumeza kidonge bila kula. Nikaaga. Nilisema nitapiga tena. "Ukipata nafasi," mama akasema, na hakusema kwa kunisuta.

Fundi viatu alitaka kujua mgoni ana sauti gani. Nikamrudishia simu yake nikashusha pazia la kibanda mpaka chini.

Namba nilikumbuka baadaye, nimekaa peke yangu. Miezi saba iliyopita mke wangu aliniambia mama amehamia Upeo, kule kwake Mlio haushiki kabisa, akanitumia namba mpya kwa ujumbe. Nikasema nitaihifadhi nikimaliza saa iliyokuwa mkononi. Ile ya zamani bado iko kwenye simu yangu kwa jina la Mama. Niliipiga mara moja, ikasema haipatikani, nikasema kesho. Mimi ninayewaonyesha watu ukuta kwa dakika kumi na tano, miezi saba ilinipita bila kuiona.

Nilifika nyumbani nimeamua kunyamaza. Karatasi nilikuwa nimeikunja mara nne, iko mfuko wa ndani. Nilijiambia haya mambo yameisha salama, hakuna aliyejua, nitaihifadhi namba, nitakuwa mtu mwema. Mke wangu alikuwa anapasi kitambaa cha mteja. Alikuwa anatabasamu.

"Mama kanipigia mchana," alisema. "Kafurahi huyo! Kasema umempigia mwenyewe, umeongea naye vizuri. Kaniuliza mara tatu kama kweli ulikuwa mzima."

"Nilipata nafasi kidogo."

"Umefanya la maana, Fundi. Kweli." Akageuza kitambaa, akakinyunyizia maji, akapitisha pasi. Kisha pasi ikasimama. "Namba uliitoa wapi?"

"Namba?"

"Ya mama. Mwezi uliopita nilikuuliza kama umeihifadhi, ukasema ule ujumbe umeufuta kwa bahati mbaya, niutume tena. Sikuutuma, nilisahau. Sasa uliitoa wapi?"

Nilitafuta uwongo. Mtu aliyekaa mwezi mzima akisuka mtego alikosa uwongo mmoja mdogo wa kumtoa. Pasi ilianza kunuka, akaiinua bila kuniondolea macho. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa ile karatasi nikaiweka juu ya kitambaa cha mteja.

Aliisoma amesimama. Alipitisha kidole kwenye duara jekundu la kwanza, akaenda la pili, la tatu, ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu. Hakuruka hata moja. Alipofika mwisho alisoma jina la juu, jina langu, na anwani ya kibanda changu, na hapo nikaona ameelewa zawadi yake ilikuwa nini.

"Ulidhani ni nani?"

"Daktari wa meno."

Nilidhani atacheka. Nilitamani sana acheke. "Ungeniuliza," alisema. "Ningekujibu maneno mawili. Mama yako."

"Ulikuwa unaongea chini chini, Jumapili, uani..."

"Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha."

Akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, mahali anapozichomeka siku zote, akaisukuma kwenye kitundu cha simu. Kijisahani cha laini kikatoka. Akaitoa ile laini, akaiweka juu ya karatasi, katikati kabisa.

"Kesho nitajinunulia yangu. Ya vocha."

"Lakini mkataba umebakiza miezi ishirini na tatu."

"Ni wako. Wewe ndiye uliyetia sahihi. Dakika hazina kikomo, mpigie mama yako." Akaishika pasi tena. "Na salamu zako uzipeleke mwenyewe. Mimi nimechoka kuzitunga."

Hatukugombana zaidi ya hapo. Ningependelea tugombane. Alinipakulia chakula, akaniuliza jino linaendeleaje, akazima taa. Laini yake mpya ni ya Upeo, inashika ndani vizuri, lakini bado anatoka uani kuongea. Vocha zake anazikwangua mbele yangu. Hazina karatasi. Namba hiyo mpya alinipa baada ya siku nne, na nilimwomba.

Mimi sasa ndiye mtu wa mkataba. Nampigia mama kila siku, na bahasha ya mwezi huu imekuja, nimeisoma bila lenzi. Mbili, mbili, saba, mara ishirini na nane. Dakika mbili, dakika mbili na nusu, siku moja dakika tatu. Mama ananiuliza kama nimekula, mimi namuuliza kama amemeza dawa, anasema mkwe wake ameshamkumbusha, kisha tunasikilizana tunavyopumua. Niliiacha bahasha wazi mezani, karibu na chupa ya chai, mke wangu aione. Siku tatu amepangusa meza kuizunguka. Siku ya nne aliniomba niiondoe, alitaka kukata kitambaa.

Kwa hiyo wivu haujanitoka, umehama tu. Dakika zake kumi na nne na mama yangu naziona kama nilivyoziona zile za yule daktari. Wanacheka nini? Mimi mama yangu sijui kumchekesha.

Jumapili iliyopita sikulala. Saa saba na dakika kumi nilipanda kiti cha jikoni, maana Mlio ni ule ule, nikapiga. Namba unayopiga inatumika kwa sasa. Kwa dirisha la jikoni nilimwona mke wangu uani, simu sikioni, anacheka kile kicheko cha zamani. Nikashuka, nikakaa kwenye kile kiti, nikaitazama saa. Sikupiga tena. Nikaenda mlango wa nyuma nikangoja.

Alipogeuka alinikuta mlangoni. Akanitazama, akaitazama simu yangu, akaelewa nilikuwa namtafuta nani. Akaja, akanyoosha mkono.

"Shika. Yuko hapa. Fanya haraka, vocha inaisha."

Nikaipokea. Ilikuwa ile ile simu iliyonishinda mchoro wake, imefunguliwa yote, iko moto kwa shavu lake. Sikuangalia kitu. Niliiweka sikioni.

"Mama, ni mimi."

"Nimekusikia, baba," mama akasema. "Hujambo? Haya, nirudishie mkwe wangu, hatujamaliza."

Nikamrudishia.